Wasifu wa Benjamin Franklin (1706–1790): Aliyepigwa na Umeme, Kisha Akatufundisha Kujikinga

Katika sura hii utasoma wasifu wa mtu mmoja maarufu. Kumbuka kwamba wasifu ni maelezo ya maisha ya mtu yaliyoandikwa na mtu mwingine. Mtu akiyaandika maisha yake mwenyewe, maelezo hayo huitwa tawasifu. Watahiniwa wengi huchanganya maneno haya mawili na kupoteza alama za bure.

Soma habari hii mara mbili. Mara ya kwanza soma upate mtiririko wa maisha yake. Mara ya pili shika kalamu, upigie mstari tarehe, sababu na matokeo. Mwishoni yapo maswali ya kujipima.

1. Kwa nini tunamsoma Franklin?

Kama unaishi Musoma, simama jioni moja mwaloni Mwigobero wakati wingu jeusi linapopanda kutoka ziwani. Utawaona akina mama wakikimbilia kuanua dagaa. Boti inayotoka Kinesi inaongeza mwendo iwahi kufika. Mwenye duka anachomoa plagi ya friza, mwenzake anazima redio, na mtoto anaitwa aondoke chini ya mti. Kila mmoja anajua kuwa kuna jambo la kuogopa. Lakini ukiwauliza kwa nini plagi ichomolewe, au kwa nini mti ni hatari kuliko nyumba, wengi watakujibu kwamba ndivyo walivyokuta wazee wakifanya.

Ziwa Victoria na maeneo yanayolizunguka ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa radi kwa wingi, na juu ya maji dhoruba nyingi hutokea usiku, wakati wavuvi wa dagaa wakiwa kazini. Mwezi Juni 2011 radi iliua wanafunzi 18 wa Shule ya Msingi Runyanya, wilayani Kiryandongo nchini Uganda. Mwezi Oktoba 2018 radi iliua wanafunzi 6 katika shule moja ya msingi mkoani Geita. Wote hawa walikuwa shuleni, kama wewe.

Benjamin Franklin ndiye aliyeonesha njia ya kulikinga jengo dhidi ya radi. Kabla ya kufika hapo, yeye mwenyewe alinusurika kufa kwa uzembe wa dakika moja. Ukiyasoma maisha yake vizuri utapata mambo mawili: maarifa ya mtihani na maarifa ya kukulinda.

2. Kuzaliwa na malezi

Franklin alizaliwa tarehe 17 Januari 1706 katika mji wa Boston, wakati ambapo Marekani ilikuwa bado koloni la Uingereza. Baba yake, Josiah, alikuwa mtengenezaji wa mishumaa na sabuni. Familia ilikuwa kubwa: Josiah alikuwa na watoto 17 kutoka kwa wake wawili, na Benjamin alikuwa wa 15.

Baba alitamani kijana huyu asome awe mchungaji. Fedha hazikutosha. Benjamin alisoma shuleni miaka miwili tu, akatolewa, na alipofika umri wa miaka 10 alikuwa akikata tambi za mishumaa katika karakana ya baba yake. Kazi hiyo hakuipenda. Akiwa na miaka 12 alipelekwa kwa kaka yake James, aliyekuwa mpiga chapa, akawa mwanagenzi wake.

Zingatia jambo hili, mtahiniwa. Kijana aliyetolewa shuleni hakuacha kusoma. Aliazima vitabu jioni kwa vijana wenzake waliofanya kazi kwa wauza vitabu, akasoma usiku, akavirudisha asubuhi kabla mwenye duka hajagundua kuwa vimetoka. Alijifundisha kuandika kwa kusoma makala nzuri, kuiweka kando, kisha kuiandika upya kwa maneno yake na kulinganisha. Wewe leo unaita zoezi hilo ufupisho.

Kaka yake alimpiga mara kwa mara, na mwaka 1723, akiwa na miaka 17, Benjamin alitoroka. Alifika Philadelphia akiwa na njaa na fedha kidogo mfukoni. Kwa bidii aliajiriwa, akamiliki mtambo wake wa kupigia chapa, na mwaka 1729 akanunua gazeti, *Pennsylvania Gazette*. Mwaka 1731 alianzisha na wenzake maktaba ya wanachama, na mwaka 1736 kikosi cha kujitolea cha kuzima moto. Kila mwaka alichapisha almanaka iliyouzwa sana, yenye kalenda, habari za hali ya hewa na mafunzo ya maisha. Kufikia mwaka 1748, akiwa na miaka 42, alikuwa na mali ya kutosha kumwachia mshirika wake biashara. Muda alioupata aliutoa kwa jambo jipya lililokuwa limemteka akili: umeme.

3. Umeme wakati ule

Usifikirie nguzo, nyaya na mita ya LUKU. Katika miaka ya 1740 hapakuwa na taa ya umeme wala jenereta popote duniani. Umeme uliojulikana ni ule wa kusugua, tunaouita umeme tuli. Wewe mwenyewe umewahi kuuona: sugua peni ya plastiki kwenye nywele kavu, ipeleke karibu na vipande vidogo vya karatasi, itavivuta. Watu walilipa kiingilio kutazama cheche na nywele zikisimama. Ulikuwa kama mchezo wa mazingaombwe.

Kisha mchezo ukapata meno. Mwaka 1745 na 1746, nchini Ujerumani na Uholanzi, watafiti wawili, kila mmoja kwa njia yake, waligundua namna ya kuhifadhi chaji ndani ya chupa ya kioo. Mmoja wao, Pieter van Musschenbroek wa mji wa Leiden, alipata mshtuko mkali sana alipogusa kifaa chake. Kifaa hicho kikaitwa chupa ya Leiden. Baadaye kiliboreshwa kwa kuwekewa bati jembamba ndani na nje, kioo kikiwa katikati. Ndiyo babu wa kapasita iliyomo ndani ya redio, televisheni na chaja ya simu yako.

Wakati huohuo Peter Collinson, mfanyabiashara wa London, aliitumia maktaba ya Philadelphia bomba la kioo la kufanyia majaribio. Franklin alilisugua usiku na mchana. Alieleza kwamba kusugua hakutengenezi umeme, bali huuhamisha kutoka kitu kimoja kwenda kingine: kimoja huzidiwa, kingine hupungukiwa. Hali hizo mbili akaziita chanya na hasi, majina tunayoyatumia mpaka leo. Aliunganisha chupa nyingi za Leiden pamoja, na mkusanyiko huo akauita betri.

4. Ajali ya bata mzinga

Hapa ndipo penye moyo wa habari yetu. Siku mbili kabla ya Krismasi ya mwaka 1750, Franklin alialika watu waone jambo la ajabu. Alikuwa amegundua kuwa ndege anaweza kuuawa kwa umeme, na aliamini kwamba nyama yake huwa laini. Safari hii alitaka kumuua bata mzinga. Aliandaa chupa mbili kubwa za kioo zenye chaji nyingi kuliko kawaida.

Watu walikuwa wakizungumza naye. Akili yake ikahama kidogo. Mkono mmoja ukagusa nyaya za juu za chupa, na mkono mwingine ulikuwa umeshika mnyororo uliounganishwa na upande wa nje. Mwili wake ukawa ndiyo waya. Waliokuwepo waliona mwali mkubwa na kusikia mlio kama wa bastola. Yeye mwenyewe hakuona mwali wala hakusikia mlio. Alipoteza fahamu za jambo lililompata, mwili mzima ukatetemeka kwa nguvu, na akili zikamrudia taratibu. Mikono na kisogo vilikufa ganzi mpaka asubuhi iliyofuata, na mfupa wa kifua ukauma kwa siku kadhaa kana kwamba amepigwa. Bata mzinga alibaki mzima.

Jiulize: kwa nini kifua? Umeme uliingia kwa mkono mmoja ukatokea kwa mwingine, na katikati ya mikono miwili upo moyo. Moyo hudunda kwa kufuata ishara ndogo za umeme za mwili wenyewe. Mkondo wa nje ukipita hapo, mpangilio huo huvurugika. Ndiyo maana mafundi wa umeme wenye uzoefu hukwepa kushika kifaa chenye umeme kwa mikono miwili.

Siku mbili baada ya ajali Franklin aliandika barua kuieleza. Aliona aibu sana. Yeye, mtaalamu, alikuwa amefanya kosa la mtu asiyejua kitu, tena mbele ya wageni. Hakutaka habari ienezwe. Hata hivyo aliruhusu mtu mmoja aambiwe: rafiki aliyekuwa akifanya majaribio kama yake, ili naye ajihadhari. Aibu ilikuwa kubwa, lakini uhai wa mwenzake aliuona mkubwa zaidi.

Fikiria jambo hilo kwa makini. Ni wanafunzi wangapi wamepigwa shoti na swichi ya bweni wakanyamaza kwa sababu walikuwa wakichemsha maji kinyume cha sheria? Ni wazazi wangapi wanajua kuwa mlango wa friji unawasha mkono, wanaufungua kwa kitambaa, na hawamwambii mgeni? Kifaa kilichokupiga wewe leo kitampiga mwenzako kesho, na mwenzako anaweza kuwa ameshika kwa mkono uliolowa.

5. Je, radi ni umeme?

Franklin aliorodhesha mambo yanayofanana kati ya cheche ya majaribio na radi: vyote vinatoa mwanga, vinatoa mlio, vinakwenda kwa njia ya kupindapinda, vinayeyusha metali na vinaua wanyama. Lakini kufanana si ushahidi. Alipendekeza jaribio: isimamishwe fimbo ndefu ya chuma iliyochongoka, isiyogusa ardhi, halafu ionekane kama mawingu yataipa chaji. Maandishi yake yalichapishwa London mwaka 1751. Tarehe 10 Mei 1752, katika kijiji cha Marly karibu na Paris, Wafaransa walifanya jaribio hilo kwa fimbo ya futi 40 na kupata cheche.

Mwezi Juni mwaka huohuo, habari hizo zikiwa bado hazijamfikia, Franklin alifanya jaribio lake kwa njia nyingine. Alitengeneza tiara kwa kitambaa cha hariri, akaweka waya uliochongoka juu yake. Uzi wa tiara ulikuwa wa katani, unaopitisha umeme ukilowa. Mwishoni mwa uzi alifunga ufunguo, na sehemu ya kushika aliifunga utepe wa hariri kavu, usiopitisha umeme. Yeye na mwanawe William walisimama ndani ya kibanda ili hariri isilowe. Wingu lilipopita, nyuzi ndogo za katani zikasimama. Alipokaribisha kifundo cha kidole kwenye ufunguo, cheche ikaruka. Radi ni umeme.

Hapa watahiniwa wengi hukosea. Huandika kwamba radi ilipiga tiara. Haikupiga. Tiara ilikusanya chaji kidogo kutoka kwenye hewa yenye wingu la radi. Kama radi yenyewe ingeipiga, Franklin na mwanawe wangekufa palepale, kwa kuwa mkondo wa radi moja ni kama ampea 30,000. Usijaribu jambo hili kamwe. Aliyejaribu mwaka uliofuata hakurudi kusimulia.

6. Kifo cha Georg Richmann

Georg Wilhelm Richmann alikuwa profesa katika mji wa Saint Petersburg, nchini Urusi. Aliweka fimbo ya chuma juu ya paa la nyumba yake, akaishusha mpaka ndani ya chumba ili apime nguvu ya umeme wa mawingu. Mwezi Agosti 1753 alikuwa mkutanoni aliposikia ngurumo. Aliharakisha kwenda nyumbani pamoja na mchongaji picha, Sokolov, ambaye angechora watakachokiona. Richmann alipoinama kusoma kipimo, mwali wa moto wa rangi ya samawati uliruka kutoka kwenye fimbo ukampiga usoni. Alikufa papo hapo. Kiatu chake kilipasuka, fremu ya mlango ilipasuka, na Sokolov aliangushwa chini.

Kosa lilikuwa wapi? Fimbo ya Richmann haikufika ardhini. Umeme wa radi unatafuta njia ya kwenda ardhini. Ukiuletea chuma mpaka chumbani kisha ukauzibia njia, utaitafuta kupitia wewe. Shika tofauti hii: chuma kilichoshuka mpaka ardhini kinakulinda, na chuma kilichoishia njiani kinakuletea radi ndani.

7. Kinga ya radi

Katika almanaka yake ya mwaka 1753 Franklin alichapisha maelekezo ambayo fundi yeyote angeweza kuyafuata. Chukua fimbo ya chuma. Ncha ya chini izikwe futi 3 au 4 katika udongo wenye unyevu. Ncha ya juu ipite sehemu ya juu kabisa ya jengo kwa futi 6 hadi 8, na iwekewe waya uliochongoka. Radi ikija itaipiga fimbo, itashuka nayo hadi ardhini, na watu waliomo ndani watasalimika. Hakuchukua hataza wala hakudai malipo. Aliona kuwa sisi sote hufaidi uvumbuzi wa waliotutangulia, hivyo nasi tuwape wengine bure.

Nyumbani kwake mwenyewe aliweka fimbo iliyounganishwa na kengele ndogo ndani ya nyumba. Wingu lenye chaji likipita, kengele zililia zenyewe. Yeye alifurahi, lakini mkewe, Deborah, aliziogopa, hasa mumewe alipokuwa safarini London. Franklin alimwandikia kumweleza namna ya kuzinyamazisha.

8. Upinzani na imani

Si kila mtu aliipokea kinga hii. Wapo waliosema kuwa radi ni adhabu ya Mungu, na kuizuia ni kumpinga. Ulaya palikuwa na desturi ya kupiga kengele za kanisa wakati wa radi ili kuifukuza. Fikiria: mnara mrefu kuliko vyote mjini, kengele ya shaba juu, na mtu ameshika kamba iliyolowa. Kitabu kilichochapishwa mjini Munich mwaka 1784 kilihesabu kuwa katika miaka 33 radi ilipiga minara 386 na kuua wapiga kengele 103.

Usiwacheke. Kwetu Kanda ya Ziwa, radi ikiua ng'ombe waliojikinga chini ya mti, hukosi kusikia mtu akinong'ona kuwa radi ile ilitumwa. Baada ya mnong'ono hutafutwa mtumaji, na mara nyingi kidole huelekezwa kwa bibi kizee anayeishi peke yake na macho yake ni mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka mingi. Msiba mmoja unazaa wa pili. Radi hupiga mti kwa sababu ni mrefu. Umeme ukishafika ardhini husambaa kupitia udongo, nao hupanda mguu mmoja wa ng'ombe na kushukia mwingine. Maelezo hayo yanatosha, na hayahitaji kumtaja jirani. Ukiyajua, una wajibu wa kuyasema pale mnong'ono unapoanza.

9. Utumishi na kifo chake

Franklin aliishi pia maisha marefu ya siasa. Alikuwa mmoja wa waliotia saini tangazo la uhuru wa Marekani mwaka 1776, akawa mwakilishi wa nchi yake Ufaransa, akashiriki mkataba wa amani na Uingereza mwaka 1783 na kuandikwa kwa katiba mwaka 1787. Wasifu wa kweli hautaji mazuri tu. Franklin aliwahi kumiliki watumwa, na gazeti lake lilichapisha matangazo ya kuwauza. Uzeeni alibadilika, akawa rais wa chama cha kupinga utumwa, na mwezi Februari 1790 alitia saini ombi la kulitaka Bunge la Marekani likomeshe utumwa.

Aliporudi nyumbani kutoka Ufaransa alitaka kuongeza vyumba katika nyumba yake. Fimbo ya kinga ilipochunguzwa, ilionekana kuwa ncha yake ya shaba ilikuwa imeyeyuka karibu yote. Yeye akiwa ng'ambo ya bahari, radi ilikuwa imepiga nyumba hiyo, na nyumba haikuharibika. Kitu alichowafundisha wengine bure kilikuwa kimeilinda nyumba yake mwenyewe.

Alifariki tarehe 17 Aprili 1790 mjini Philadelphia, akiwa na umri wa miaka 84.

10. Tunajifunza nini?

Umeme wa leo hautoki kwenye chupa. Uko ukutani, volti 230, saa zote. Tufanye hesabu ndogo. Balbu ya wati 60 kwenye volti 230 hutumia mkondo wa 60 ÷ 230, yaani takribani ampea 0.26. Mkondo wa ampea 0.1 tu ukipita kwenye moyo unaweza kuua. Kwa hiyo umeme unaowasha balbu moja unazidi mara mbili kiasi cha kumuua mtu. Na fyuzi ya ampea 13 iliyomo kwenye plagi haikulindi wewe. Inalinda waya usiungue. Utakufa kabla haijakatika. Kinachokulinda ni waya wa ardhini uliofungwa sawasawa na kifaa cha kukata umeme unapovuja, ambacho hukata kwenye mkondo wa ampea 0.03. Zingatia yafuatayo:

(a) Usichomeke ncha za waya kwenye soketi bila plagi, wala usichemshe maji kwa nyaya zilizo wazi bwenini. Maji na jasho hupunguza ukinzani wa mwili na kuruhusu mkondo mkubwa kupita.

(b) Penye sakafu yenye maji, kama kwenye friza za samaki, vaa viatu vikavu vya mpira na ukaushe mikono kabla ya kugusa swichi.

(c) Usifungue televisheni au chaja kwa kuwa tu umeizima. Kapasita hubaki na chaji, kama chupa za Franklin.

(d) Usimwite kishoka akuunganishie umeme. Atakuokolea fedha kidogo na kukuachia nyumba isiyo na waya wa ardhini.

(e) Ukiona waya umeanguka, usiusogelee hata kama unaonekana umekufa. Zuia watu na uwape taarifa TANESCO.

(f) Aliyenaswa na umeme wa nyumbani usimguse. Zima kwanza swichi kuu. Lakini aliyepigwa na radi hana umeme mwilini tena. Mguse na umsaidie mara moja, na kama hapumui akandamizwe kifua huku msaada ukiitwa.

(g) Ukihesabu sekunde 30 au pungufu kati ya mwanga na ngurumo, radi iko karibu: kama kilomita 10, kwa kuwa sauti husafiri mita 340 kwa sekunde. Ingia ndani ya jengo imara au gari lenye paa la chuma. Toka majini na ondoka chini ya mti. Subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

(h) Ukipigwa shoti, sema. Mwambie mwalimu, mzazi au fundi siku hiyohiyo, hata kama ulikuwa na kosa. Franklin alipata aibu, na bado rafiki yake alionywa.

Maswali ya kujipima

1. Eleza tofauti kati ya wasifu na tawasifu. Habari uliyosoma ni ipi kati ya hizo? Toa sababu mbili.

2. Taja mambo mawili yanayoonesha kuwa Franklin hakuacha kujifunza baada ya kutolewa shuleni.

3. Eleza kwa maneno yako jinsi ajali ya bata mzinga ilivyotokea, na kwa nini Franklin aliumia kifuani.

4. Mwandishi anasema radi haikuipiga tiara. Toa hoja inayothibitisha kauli hiyo.

5. Linganisha fimbo ya Richmann na kinga ya radi ya Franklin. Tofauti iliyosababisha kifo ni ipi?

6. Wapiga kengele wa Ulaya na imani ya radi ya kutumwa vinafanana wapi? Imani hizo zina madhara gani kwa jamii?

7. Pasi ya wati 1,000 imechomekwa kwenye volti 230. Kokotoa mkondo wake, kisha eleza kwa nini fyuzi ya ampea 13 haiwezi kumwokoa mtu aliyegusa waya wake ulio wazi.

8. Jirani yako amenaswa na waya, na mvuvi amepigwa radi mwaloni. Eleza hatua ya kwanza utakayochukua kwa kila mmoja, na sababu ya tofauti hiyo.

9. Fupisha sehemu ya 4 kwa maneno yasiyozidi 80.

10. Andika wasifu wa mtu yeyote wa mtaani kwenu aliyewahi kunusurika ajali ya umeme au radi. Usitaje jina lake halisi. Zingatia mpangilio wa matukio, na umalizie kwa funzo moja.